Mama Yake Kashajuzwa?

Kazi yangu, wanangu, ilikuwa kutangaza vifo. Nalisema mapema kwa sababu nikiulizwa nilifanya nini redioni, watu hutarajia taarab au mpira, na nikiwajibu hunyamaza wakatazama miguu yao. Msinyamaze. Ilikuwa kazi ya heshima, na siku nyingine tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Salma, mtoto wa dada yangu, anasoma chuo Tunguu na anakaa kwangu mjini. Yeye ndiye aliyenitaka niandike. "Mamdogo," kanambia, "waandikie wenzangu lile la simu na Makame." Nitafika huko. Lakini la simu halieleweki bila ya kazi yenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Hapa kwetu mtu akifariki alfajiri huenda akazikwa adhuhuri. Ana ndugu Makunduchi, ana shemegi Nungwi, ana rafiki wa utotoni Bububu. Kabla ya simu kuingia kila mfuko, wote hao waliitwa na redio. Mfiwa alikuja kituoni, akakaa kwenye benchi la mbao karibu na ngazi, akatutajia jina la marehemu na la baba yake, mtaa, pahala pa kusalia na pa kuzikia. Sisi tukasoma, na nyumba zikanyamaza kutusikiliza.

Kusoma kwenyewe kuna ufundi wake. Jina la marehemu hulikimbilii. Unalitaja, unapumzika pumzi moja, kisha unalitaja tena. Mara ya kwanza mtu yuko jikoni anakoroga mchuzi. Husikia tu kwamba sauti imebadilika, akauacha mwiko. Mara ya pili ndipo anapolisikia jina. Na majina ya jamaa unayasoma polepole zaidi, kwa kuwa kila msikilizaji anajitafuta humo.

Hayo sikuyapata darasani. Niliajiriwa kufagia na kupanga kanda. Baada ya kazi nilibaki nikisikiliza kanda za wasomaji waliotangulia, kamusi ikiwa pembeni, kwa sababu niliona vibaya jina la mtu livunjwe siku ya maziko yake. Maalim Haji, aliyekuwa mkubwa wa chumba cha matangazo, alinikuta siku moja nikijisomea matangazo ya zamani mbele ya ukuta.

"Unamsomea nani?" aliniuliza.

"Ukuta, Maalim."

"Ukuta umelia?"

"Hapana."

"Basi endelea mpaka ulie."

Huyo ndiye aliyenifunza kazi. Alikuwa mfupi, mwenye kofia safi siku zote, na kila aliyekuja kwenye benchi lile alimuuliza masuala matatu. Nani kakwambia? Huyo aliyekwambia, kaona mwenyewe au na yeye kaambiwa? Suala la tatu aliliuliza kwa sauti ya chini, huku ameinama kidogo: Mama yake kashajuzwa?

Kama mama hayupo duniani, aliuliza mke, au mume, au mtoto. Lakini mwanzo alisema mama. Na jibu likiwa hapana, tangazo halikusomwa.

Namkumbuka kijana mmoja aliyefiwa na kaka yake. Mama yao alikuwa Kidichi, shambani kwake kwenye mikarafuu. Kijana akasema, "Redio anayo, Maalim. Atasikia."

Maalim Haji akavua miwani. "Mwanangu, nenda Kidichi. Tangazo lako nalikalia hapa. Ukifika, mtue mzigo kama ana mzigo, mkalishe, mshike mkono, umwambie. Kisha nipigie simu kutoka dukani."

"Maalim, watu watachelewa maziko!"

"Watachelewa. Mama yako je, umchelewe?"

Kijana aliondoka amekasirika. Simu ilipokuja kutoka Kidichi, Maalim aliipokea, akasikiliza, akasema "Naam, naam," kisha akanigeukia: "Soma." Yule kijana akawa kila Idi anamletea Maalim karafuu kwenye kikapu kidogo.

Msidhani hatukukosea. Mwenzetu mmoja, siku Maalim alipokuwa likizo, aliletewa tangazo na mtu mwenye haraka, akaona haya kumuuliza mfiwa masuala, akalisoma. Asubuhi ya pili mzee mmoja alipanda ngazi zetu na mwavuli wake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo mzee," mwenzetu akamwambia. "Umefiwa?"

"Marahaba. Ndiyo. Nimefiwa na nafsi yangu. Jana mmenitangaza, na mimi sikupata gari. Nimekuja kuuliza maziko yangu ni lini, nisichelewe tena."

Mwenzetu alikimbilia chooni akajifungia. Sisi tuliobaki tulicheka, na mzee akacheka. Lakini alipomaliza chai yetu akasema jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. "Mimi nacheka kwa kuwa nilikuwepo. Binti yangu alikuwa Fumba. Kaja njia nzima analia, kaingia ndani kanikuta nakula embe. Hajasema na mimi mpaka sasa, kama kwamba nimemtendea ubaya." Basi kutoka siku hiyo mwenzetu akawa mkali wa masuala kuliko Maalim mwenyewe.

Jambo jingine nililolipata redioni ni mwisho. Taarifa ya habari ilikuwa na mwisho. Msomaji alisema, huo ndio mwisho wa taarifa ya habari, na baba yangu aliinuka akaizima redio ili betri zisiishe, tukarudi kwenye mambo yetu. Habari mbaya zilikuwepo, vita vilikuwepo, lakini viliingia nyumbani kwa saa yake na wakati wake ulipokwisha vilitoka. Nilipostaafu na kununua simu ya kugusa, kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa ule mwisho. Nilisukuma kwa kidole, nikasukuma, nikasema hapa chini patakuwa na mwisho tu. Salma alinikuta sebuleni nimekunja uso, chai imepoa.

"Mamdogo, unatafuta nini?"

"Natafuta zinapoishia."

"Haziishii."

"Basi nani anazizima?"

Akaketi karibu nami. Siku hiyo tukakubaliana kwamba mwenye kuzizima tutakuwa sisi. Nyumbani kwangu sasa habari zina saa zake kama zamani: naziangalia baada ya sala ya alasiri, kisha nasema kwa sauti kwamba huo ndio mwisho, na naweka simu. Ndiyo, nalisema kwa sauti. Salma ananicheka, lakini nimemsikia chumbani kwake na yeye akilisema. Asubuhi siigusi simu kabla sijawaamkia watu wa nyumbani. Anayenipa habari ya mwanzo ya siku awe mtu mwenye uso. Picha za maiti sifungui, hata akinitumia nani. Miaka yote nikiwasoma marehemu sikupata kumvua mmoja wao shuka.

Na wakati wa kula, simu zote huwekwa chini ya kawa. Nyinyi mnaolijua kawa la ukili la kufunikia chakula mtacheka. Mimi nilikuwa nalo moja kubwa, zuri, la rangi nyekundu na kijani, na siku hizi chakula tunakifunika kwa sahani. Nikaona lisikae bure. Tunapokula, simu zinakwenda chini ya kawa, na hakuna wa kulifunua mpaka wote tumekwisha.

Ndivyo tulivyokuwa asubuhi ya lile jambo. Salma hakuwa na kipindi. Tulikuwa tunakunywa chai kwa mkate wa ufuta, na kawa likaanza kutetemeka. Likatulia, likatetemeka tena. Salma akacheka: "Mamdogo, kuku wako anataka kutoka." Halafu halikutulia tena. Lilikuwa likitikisika mfululizo juu ya meza, simu mbili kwa pamoja, na kicheko cha Salma kikakatika.

"Maliza chai," nikamwambia. Lakini mimi mwenyewe niliisukuma yangu kando. Nikalifunua kawa.

Lilikuwa kundi la ukoo. Picha ya Makame, kaka yake Salma, yuko peke yake amevaa shati jeupe la Idi. Chini yake watu wanaweka rambirambi, mmoja baada ya mwingine. Mungu amrehemu. Tumempoteza kijana mwema. Poleni familia. Makame ni mpishi katika hoteli moja Dar es Salaam. Alipokuwa skuli alikaa kwangu. Kitanda anacholala Salma ni kitanda chake.

Salma alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Kisha akawa anatafuta jina la mama yake kwenye simu.

Nikamshika mkono. "Mama yako yuko wapi saa hizi?"

"Sijui! Nyumbani!"

"Ni bamvua, maji yametoka mbali. Yuko wapi?"

Akavuta pumzi. "Pwani. Kwenye mwani."

"Na simu yake?"

"Mtungini."

Dada yangu Kazija analima mwani Matemwe. Simu yake ya kwanza ilikufa kwa maji ya chumvi, na tangu hapo akienda baharini huiacha ya sasa nyumbani, ndani ya mtungi mtupu. Kwa hiyo wakati ukoo mzima unamlilia mwanawe, yeye alikuwa kwenye maji ya magoti, anafunga mwani kwenye kamba, hajui lolote. Maji yakijaa angerudi nyumbani, angeutia mkono mtungini na kuitoa simu.

Nikasimama. Sikujua kama Makame yu hai au hapana. Nilijua suala la tatu tu. "Vaa buibui lako," nikamwambia Salma. "Tunakwenda Matemwe. Maji yasitutangulie."

Jirani yetu Feruzi ana teksi. Hakuuliza bei wala sababu, alitazama nyuso zetu akawasha gari. Tukakaa nyuma, mimi na Salma, na ndani ya gari lile nikarudi kazini.

Nikampigia mpwa wangu Khamis, aliyeiweka picha kwenye kundi. "Khamis, nani kakwambia?"

"Khaloo, imo kundi la Matemwe."

"Kundi si mtu. Nani?"

"Ame. Ame kaiweka."

Nikampigia Ame. "Umeona mwenyewe au umeambiwa?"

"Shikamoo Bi Riziki, pole sana. Iko kwenye kundi letu la mpira."

"Marahaba. Kaiweka nani huko?"

"Mtu kaitoa kwa rafiki yake Makame wa kazini. Denis. Denis kaweka picha ya Makame leo asubuhi, na viganja vya dua. Basi."

"Na maneno gani?"

"Hakuna maneno. Picha na viganja tu. Sasa, Bi Riziki, picha ya mtu peke yake na viganja..."

Nilielewa. Nanyi mnaelewa. Kwetu siku hizi picha ya mtu amekaa peke yake, watu wakiiona imewekwa ghafla na dua, hawasubiri maneno. Wa kwanza kaona viganja, wa pili kamuona wa kwanza anasikitika, wa tatu kaandika marehemu.

Namba ya Denis Salma alikuwa nayo. Ilikuwa inatumika. Tukapiga tena, inatumika. Tulikuwa tumeshaipita Mahonda alipopokea, nikamwita kwa jina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mimi ni mama mdogo wa Makame. Wewe Makame umemuona?"

"Nimemleta mimi hospitali, mama. Amegongwa na bodaboda akienda kazini, mguu umevunjika. Yuko chumba cha plasta. Simu yake imepasuka. Mama, naona watu wananipigia wananipa pole, hata sielewi..."

"Denis. Umemuona anasema?"

"Anasema? Ananitukana tangu asubuhi, kwamba nimemshika vibaya kwenye gari."

Salma akaficha uso begani kwangu akalia sana, na Feruzi mbele akawa anajipangusa macho kwa mkono mmoja. Nikamwambia Denis, "Akitoka tu, mpe simu yako apige namba hii. Sauti yake mwenyewe." Salma akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba Makame yu hai. Akajibiwa na wawili. Chini yake rambirambi ziliendelea, kwa sababu watu hawakuwa wanasoma tena; walikuwa wanaandika tu.

Tulipofika Matemwe majamvi yalikuwa yamekwisha kutandikwa nje ya nyumba ya Kazija. Wanawake wanaingia na mitandio, jikoni sufuria imekwisha kuinjikwa. Mmoja akanikumbatia: "Pole, Bi Riziki."

"Makame yu hai. Kazija yuko wapi?"

"Yu hai?"

"Yu hai. Kazija yuko wapi?"

"Hajarudi. Bi Pili kaenda kumwita. Zamani."

Nilikimbia, wanangu. Mwanamke wa umri wangu, na viatu mkononi, kwenye mchanga mweupe wa saa ya jua kali. Bi Pili ni jirani wa ukuta kwa ukuta, ameona simu, na kama kamwita Kazija basi kashamwambia.

Nikamkuta Bi Pili amekaa chini, kwenye mchanga, ameikunja simu kwenye ncha ya kanga. Maji yalikuwa yanarudi. Mbali kidogo wanawake walikuwa wanatoka na magunia kichwani, na dada yangu kati yao.

"Umeshamwambia?" nikamuuliza, pumzi zinanikata.

Akatikisa kichwa. "Nimefika hapa muda mrefu. Nikamuona anacheka na wenziwe. Nikasema, acha amalize kucheka. Nikakaa."

Miaka yote ya Maalim Haji, hakuna aliyenieleza kazi yetu vizuri kuliko Bi Pili mchangani. Simu isingekaa chini. Haina macho ya kumuona mtu anacheka.

Kazija akatuona. Akapunguza mwendo. Mtu akimuona mdogo wake wa mjini amesimama pwani viatu mkononi siku ya kazi, hahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo. Nikamfuata majini, nikamtua gunia kabla ya kusema lolote, nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi na imekwaruzwa na kamba. Sikumwambia usiogope. Neno hilo humtisha mtu kabla hajajua cha kuogopa.

"Makame yu hai," nikasema. "Kavunjika mguu. Yuko hospitali Dar, wanamtia plasta."

Alinitazama machoni. "Nani kakwambia?"

"Denis, wa kazini kwake."

"Kaona mwenyewe?"

"Kampeleka yeye."

Akakaa pale pale majini, nguo zote zikaloa, na mimi nikakaa naye, na Bi Pili akaja akakaa ubavu wa pili. Salma alipofika alitukuta hivyo, watu wazima watatu kwenye maji kama watoto. Simu yangu ikalia mkononi mwake. Akamwekea mama yake sikioni.

"Mama, shikamoo."

Kazija alifumba macho. Tukasikia kwa mbali, "Mama? Mama, upo?"

"Marahaba," akasema. "Ushakula?"

Tulirudi nyumbani tumeloa. Uwanja ulikuwa umejaa, wengine wamefika kutoka Mkwajuni hawajui kitu, wanalia. Nilitaka kumpitia kila mmoja. Kazija akanizuia, akanisukuma nipande barazani.

"Wamejuzwa uongo kwa mkupuo mmoja. Wajuze kweli kwa mkupuo mmoja. Kama redioni."

"Kazija, mimi nimestaafu."

"Soma."

Basi nikasimama juu ya baraza na buibui linachuruzika maji, nikaweka sauti pale nilipokuwa nikiiweka.

"Tunafurahi kuwatangazia uhai wa Bwana Makame Ali Makame, wa Matemwe, aliyevunjika mguu Dar es Salaam. Maziko hayapo. Mama yake kashajuzwa. Habari ziwafikie jamaa na marafiki, pamoja na makundi yote ya simu, popote pale yalipo."

Mtu mmoja akacheka huku analia, na wengine wakafuata. Kazija hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye jamvi la msiba wa mwanawe, miguu ina mchanga, ananinyooshea kidole.

"Hukusoma vizuri."

"Nimekosea wapi?"

"Jina umelitaja mara moja. Miaka yote unanambia mara mbili."

Kutoka jikoni alikuwa ametoka mwanamke mmoja aliyekuja kupika, na mwiko mkononi, anauliza wenziwe kumetangazwa nini. Nikapumzika pumzi moja, nikalitaja tena.

"Makame Ali Makame."